Maswali ya Wasomaji: Miungu wa Kike wa Zama za Kale

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya sanamu ya Isis, mungu wa kike wa Misri ya kale, akiwa amempakata mwanawe Horus, na chini yake tukaweka maelezo ya mistari miwili tu. Wasomaji wetu wa Malindi na Lamu hawakuridhika na ufupi huo. Zifuatazo ni baadhi ya barua zao, tulizozipunguza maneno bila kugeuza maana, pamoja na majibu yetu.

Assalaam alaykum. Kila tunapofika Surat An-Najm wanafunzi huniuliza Lata, Uzza na Manata walikuwa nani, nami huwajibu kwamba yalikuwa masanamu ya Makureshi, kisha tunaendelea na somo. Safari hii kijana mmoja ameshikilia kuuliza walitoka wapi, na kama si wale wale miungu wa kike wa Wayunani kwa majina mengine. Nimjibu nini?
*Maalim wa madrasa, Shela, Malindi*

Waalaykumu salaam, Maalim. Anza kwa kumwambia kijana wako kwamba watatu hao hawakuwa na makao yao Makka, wala hawakuwa wa Makureshi peke yao. Lata alikuwa na patakatifu pake Taifu, kwa kabila la Thaqif. Uzza alikuwa Nakhla, bonde lililo kati ya Makka na Taifu. Na Manata alikuwa Qudayd, upande wa pwani ya Bahari ya Shamu, katika njia iendayo Madina, ambako Aus na Khazraj, makabila ya Madina, walimtukuza kuliko watu wengine wote. Hisham ibn al-Kalbi, mwanachuoni aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9 na kuacha kitabu kizima kuhusu masanamu ya Waarabu, anaeleza kwamba Lata wa Taifu alikuwa jiwe la miraba, na kwamba Uzza alihusishwa na miti mitatu ya jamii ya migunga. Kwa hiyo wanafunzi wanaowaza sanamu za wanawake zilizochongwa na kupambwa wanakwenda kombo. Imepokewa pia kutoka kwa Ibn Abbas, katika Sahihi ya Bukhari, kwamba asili ya Lata ni mtu mwanamume aliyekuwa akiwakorogea mahujaji sawiq, yaani unga wa nafaka iliyokaangwa.

Mambo yalivyokwisha Taifu yanastahili kusimuliwa darasani, kwa sababu yanaonyesha watu wenyewe. Wajumbe wa Thaqif walipokuja Madina kusilimu, waliomba Lata aachwe kwa miaka mitatu. Walipokataliwa waliteremsha ombi lao kidogo kidogo mpaka likafika mwezi mmoja, nalo halikukubaliwa. Walichosamehewa ni kutolivunja kwa mikono yao wenyewe. Kazi hiyo walipewa Abu Sufyan na al-Mughira bin Shu'ba, ambaye yeye mwenyewe alikuwa Mthaqif, na kwa mujibu wa waandishi wa sira wanawake wa mji walitoka vichwa wazi wakilia.

Ama kuhusu Wayunani, jina la Lata lilifika mbali kaskazini na lilikuwa la kale sana. Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani aliyeandika katika karne ya 5 K.K., anamtaja mungu wa kike wa Waarabu aitwaye Alilat na kusema kwamba ndiye Aphrodite. Huko Tadmur, mji wa jangwani wa Syria ambao Wazungu huuita Palmyra, Lata alikuwa na hekalu kamili, na watu wa huko walimfananisha na Athena, mwenye kofia ya chuma na mkuki. Mbele ya hekalu hilo palikuwa na simba wa mawe mwenye urefu wa zaidi ya mita 3, ameweka swala mdogo katikati ya miguu yake ya mbele bila kumdhuru, na kwenye mguu mmoja pameandikwa kwamba Lata atambariki yeyote asiyemwaga damu katika patakatifu hapo. Wachimbaji kutoka Poland waliugundua mchongo huo mwaka 1977. Uliharibiwa mwaka 2015 wakati wa vita, na baadaye ukakarabatiwa na kuwekwa Damascus.

Kijana wako, basi, ana Lata aliye jiwe Taifu, Lata mwenye simba Tadmur, Myunani anayemwita Aphrodite na Wasyria wanaomwita Athena. Aphrodite na Athena, hata kwa Wayunani wenyewe, walikuwa wawili na hawakupatana sana. Kulinganisha huko ni kazi ya mwenye kutazama, anayekiona kigeni na kukitafutia mfano nyumbani kwake. Si ushahidi kwamba ibada ilikuwa moja. Jambo hili nitalirudia katika majibu mengine, maana barua nyingi zimeligusa.

Mimi ni mwongoza watalii, na wageni wangu wengi ni Wataliano. Niliwaonyesha ile picha yenu. Mmoja alisema huyo ni mungu wa Pompeii na wala si wa Misri. Mkewe akasema anamwona Bikira Maria na mtoto Yesu. Tena nimesikia kwamba Wahindi waliwahi kumsujudia Bikira Maria hapa hapa Malindi. Ni kweli?
*Mwongoza watalii, Malindi*

Tuanze na hilo la mwisho, Bwana, kwa kuwa ni letu na ni la kweli. Vasco da Gama alipofika Malindi, Aprili 1498, alizikuta bandarini jahazi nne za wafanyabiashara kutoka India. Mmoja wa watu wa msafara wake aliandika shajara, na ndani yake anasimulia kwamba Wahindi hao walipopanda chombo cha Paulo da Gama, nduguye Vasco, walionyeshwa picha ya altareni: Maria chini ya msalaba, Yesu mikononi mwake, na mitume wamemzunguka. Wahindi wakaanguka kifudifudi. Siku zote ambazo Wareno walikaa hapa, watu hao walikuja kuomba mbele ya picha hiyo wakileta karafuu, pilipili manga na vitu vingine kuwa sadaka. Wareno waliandika kwa furaha kwamba wamekutana na Wakristo.

Wanahistoria kwa jumla wanakubaliana kwamba hao walikuwa Wahindu. Kwa Mhindu kuona picha ya mama mtukufu akiheshimiwa na wenyeji wake, kisha naye akatoa heshima, halikuwa jambo la ajabu. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Wareno. Huko Calicut, India, waliingizwa hekaluni, wakaambiwa au wakaelewa kwamba sanamu ndogo iliyokuwa ndani ni ya Maria, wakapiga magoti. Shajara ile ile inakiri kwamba watakatifu waliochorwa ukutani walikuwa na meno yaliyotokeza nje ya midomo kiasi cha inchi moja, na mikono minne au mitano, lakini mwandishi hakushtuka kiasi cha kubadili mawazo. Mwandishi mwingine wa Kireno wa karne ya 16 anasimulia kwamba João de Sá, mmoja wa watu wa msafara, alipokuwa amepiga magoti kando ya Vasco da Gama, alitamka kwamba ikiwa huyo ni shetani, yeye anamwabudu Mungu wa kweli; na nahodha wake akacheka. Unapowapeleka wageni kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama, hadithi hii ina thamani kuliko tarehe.

Sasa Pompeii. Mgeni wako hakusema uongo, ila amesema nusu. Isis ni wa Misri, lakini mabaharia na wafanyabiashara walimchukua kote katika bahari ya Mediterania, na Pompeii palikuwa na hekalu lake lililogunduliwa mwaka 1764 chini ya majivu ya volkano ya mwaka 79 B.K. Juu ya mlango wake palikuwa na maandishi yanayosema kwamba hekalu lilianguka kwa tetemeko la ardhi, na kwamba Numerius Popidius Celsinus alilijenga upya kutoka msingini kwa mali yake, ndipo madiwani wakamwingiza barazani mwao bila ada ingawa alikuwa na umri wa miaka 6. Bila shaka fedha zilikuwa za baba. Baba huyo alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, na sheria ilimzuia kuwa diwani; kwa kulijenga hekalu kwa jina la mwanawe aliipatia nyumba yake cheo ambacho yeye asingekipata kamwe. Siasa za namna hii wasomaji wetu hawahitaji kufafanuliwa.

Kuhusu mkewe kumwona Bikira Maria, ni kweli kwamba picha za Isis akimnyonyesha Horus zilitangulia picha za Maria na mtoto kwa karne nyingi, na wanahistoria wa sanaa bado wanabishana kama za kwanza zilizaa za pili. Mama aliyempakata mtoto ni mkao unaoweza kuchorwa na mtu yeyote mwenye macho. Mafundisho ya Kanisa kuhusu Maria yanamtambua kuwa binadamu, mama yake Yesu, na hayamwiti mungu. Wamisri hawakumtambua Isis hivyo.

Je, Mekatilili wa Menza anaweza kuhesabiwa miongoni mwa miungu wa kike wa Afrika? Rafiki yangu alimweka katika orodha hiyo.
*Mwanafunzi wa chuo, Barani, Malindi*

Hapana. Mekatilili alikuwa mtu, mwanamke wa Kigiriama aliyewakusanya watu wake kwa kiapo na kwa ngoma ya kifudu kuipinga serikali ya Waingereza mwaka 1913, akakamatwa na kupelekwa mbali bara. Sanamu yake iliyopo mjini petu ni kumbukumbu ya shujaa, na hakuna anayeiomba mvua. Rafiki yako akitaka mungu wa kike wa Afrika ambaye ibada yake ingali hai, amtazame Oshun wa Wayoruba, mwenye mto na msitu wake mtakatifu huko Osogbo, Nigeria, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005.

Mwalimu wetu wa historia alisema kwamba mahali palipoabudiwa miungu wa kike, wanawake waliheshimiwa na hata kutawala, mpaka dini zilizokuja baadaye zikawanyang'anya. Ningependa iwe kweli. Je, ni kweli?
*Msichana wa kidato cha tatu, Malindi*

Mwanangu, tamaa yako naielewa, lakini tazama Athens. Mji mzima ulijiweka chini ya ulinzi wa Athena, na kati ya mwaka 447 na 432 K.K. ulimjengea Parthenon, hekalu la marumaru ambalo ndani yake mchongaji Phidias alisimamisha sanamu ya dhahabu na pembe za ndovu. Katika mji huo huo mwanamke hakuwa na kura barazani, na mahakamani alisemewa na mwanamume: baba, mume, kaka au mwana. Mungu mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye silaha. Waliokata shauri la vita, kodi na ujenzi walikuwa wanaume watupu.

Hata hivyo usiende upande wa pili ukasema kwamba ibada hiyo haikuwapa wanawake chochote. Kuhani mkuu wa Athena alikuwa mwanamke, kutoka ukoo mmoja uliorithishana kazi hiyo, na mmoja wao, Lysimache, anatajwa kuwa alihudumu kwa miaka 64. Huko Roma, mabikira wa Vesta walichukuliwa wakiwa na umri wa kati ya miaka 6 na 10, wakautunza moto wa mungu wao kwa miaka 30, na walikuwa na haki ambazo wanawake wengine hawakuwa nazo, kama vile kuandika wasia bila msimamizi. Lakini aliyepatikana na hatia ya kuvunja ubikira alizikwa hai. Heshima na adhabu zilikuwa katika mkataba mmoja.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa kale kuliko hiyo yote. Karibu mwaka 2300 K.K., katika nchi ambayo leo ni Iraq, mfalme Sargon wa Akkad alimweka binti yake Enheduanna kuwa kuhani mkuu wa mungu wa mwezi katika mji wa Ur. Mwaka 1927 wachimbaji walioongozwa na Leonard Woolley waliokota huko Ur vipande vya kisahani cha mviringo cha alabasta chenye jina la Enheduanna na mchongo unaomwonyesha akisimamia ibada, wahudumu wakiwa mbele na nyuma yake. Anahesabiwa kuwa mtunzi wa kwanza duniani ambaye jina lake tunalijua. Katika utenzi mrefu anaotajwa kuutunga, anamlilia Inanna, mungu wa kike wa mapenzi na vita ambaye nyota yake ni Zuhura, akilalamika kwamba amefukuzwa hekaluni na mwasi aitwaye Lugal-Ane. Nakala zilizopo ziliandikwa karne kadhaa baada ya kufa kwake, na kwa sababu hiyo wapo wataalamu wanaotilia shaka kwamba aliutunga yeye. Kisahani chenyewe hakina ubishi. Angalia lakini alivyokipata cheo chake: baba yake ndiye aliyempa, kwa kuwa alitaka miji ya kusini iliyokuwa imetekwa imtii.

Mwulize mwalimu wako pia kama Inanna anafaa kuitwa mama mpole wa watu wote. Katika tenzi hizo yeye hunguruma, hufurahia mapigano na hubomoa miji. Wanaopenda kuwakusanya miungu wote wa kike chini ya jina moja la Mama Mkuu hulazimika kumfumbia macho.

Tumsifu Yesu Kristo. Katika Biblia nasoma habari za Artemi wa Waefeso na za malkia wa mbinguni katika Yeremia. Je, ni mmoja?
*Msomaji, Kisumu Ndogo, Malindi*

Milele amina, ndugu. Si mmoja. Artemi unayemsoma katika Matendo ya Mitume 19 alikuwa na hekalu Efeso, katika Uturuki ya leo, lililohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale. Ukiisoma sura hiyo kwa makini utaona kwamba aliyeanzisha ghasia ni Demetrio, mfua fedha, aliyekuwa akitengeneza vihekalu vidogo vya Artemi, na anataja faida ya kazi yake kabla hajautaja utukufu wa mungu wake. Watu walipiga kelele kwa muda wa saa mbili, na wengi wao, kwa mujibu wa maandiko, hawakujua ni kwa nini wamekusanyika.

Malkia wa mbinguni wa Yeremia 7 na 44 alitangulia kwa karne kadhaa, na wataalamu wengi humhusisha na Ishtari wa Babeli au Ashtorethi wa Wasidoni. Huko picha ni ya nyumbani kabisa: watoto wanaokota kuni, baba wanawasha moto, wanawake wanakanda unga wa mikate ya kumpelekea. Na katika sura ya 44 watu wanamjibu nabii waziwazi kwamba walipokuwa wakimfukizia uvumba walishiba, na tangu walipoacha wamepungukiwa na kila kitu. Ni nadra maandiko ya kale kutuhifadhia hoja ya upande wa pili namna hiyo.

Jirani yangu wa duka ni Mhindu. Kila Diwali huleta madaftari mapya ya hesabu na kuyawekea maua mbele ya picha ya mwanamke anayemwaga sarafu. Huyo ni nani?
*Mwenye duka, Malindi*

Ni Lakshmi, mungu wa kike wa mali na baraka, anayechorwa akiwa juu ya ua la yungiyungi, sarafu zikimiminika kutoka kiganjani mwake. Wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat, ambao ndio wengi pwani yetu, hufungua mwaka wa hesabu wakati wa Diwali, na madaftari huombewa kabla ya kuandikwa chochote. Siku hizi wapo wanaoweka kompyuta badala ya daftari. Naomba tu usimtie katika fungu moja na Athena na Isis ambao mahekalu yao ni magofu. Jirani yako hamwabudu mungu wa zama za kale: hiyo ni dini yake ya leo, na maelezo bora kuliko haya utayapata kwake mwenyewe.

Kwetu ni watu wa majahazi tangu mababu. Chombo hakishuki majini kabla ya kuwekewa macho omoni, duara mbili zenye nyota na mwezi, na babu akisema chombo lazima kione njia. Mgeni mmoja amesema hayo ni macho ya Misri na kwamba mabaharia wa kale walimwabudu Isis. Je, nasi tulirithi kwake?
*Mwana wa fundi, Langoni, Lamu*

Kuhusu mabaharia, mgeni wako yuko sawa. Katika dola ya Kirumi bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa miezi ya baridi, na tarehe 5 Machi ilifunguliwa kwa sherehe ya Isis. Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 kutoka Afrika Kaskazini, anaieleza ilivyofanyika katika bandari ya Korintho: watu wanateremka pwani kwa maandamano, kuhani anakitakasa chombo kipya kilichochorwa michoro ya Kimisri, kinapakiwa manukato na sadaka, maziwa yanamwagwa baharini, kisha kinakatwa nanga na kuachwa kiende na upepo bila nahodha wala baharia. Mtu wa Lamu anayejua kungoja kusi litulie ataielewa furaha ya siku hiyo.

Ibada hiyo ilifika pia katika Bahari ya Shamu. Huko Berenike, bandari ya Misri ambako vyombo vilifunga safari kwenda India na pwani ya Afrika Mashariki, palikuwa na hekalu la Isis, na mwaka 2022 wachimbaji walikuta katika ua wake sanamu ya Buddha ya marumaru. Mabaharia wa bahari hii yetu, basi, walikuwa wakikutana na miungu ya wenzao tangu karne za kwanza.

Lakini kutoka hapo hadi kwenye omo la jahazi la Lamu hakuna daraja. Macho ya vyombo yalichorwa na Wamisri, na Wayunani, na yanachorwa mpaka leo India na China, na hakuna andiko wala kitu kilichochimbuliwa kinachoyafunga macho yenu na Isis. Nyota na mwezi mnavyovichonga ni alama za Waislamu. Mgeni akikuuliza tena, mpe jibu la babu yako. Na akishikilia habari za Isis, mtajie Berenike na tarehe 5 Machi, halafu mwulize yeye ushahidi wake uko wapi.